Upande wa Chunyu Tembo ni Wachache

Chunyu, Ruangwa
9 Juni 2024

Mdogo wangu Nasma,

Mzigo wako nimeupokea kwa Jumanne wa bodaboda, sabuni na kanga. Kanga nimeipenda, ila maneno yake yananisema mimi moja kwa moja, na najua uliichagua makusudi. Haya, nimesikia.

Hatujambo kwa kiasi chetu. Ufuta umetoka, si haba. Mahindi usiulize. Tembo waliingia mwezi wa nne, wakala na kulala humo humo, asubuhi tukakuta shamba limekuwa uwanja wa mpira. Tangu siku hiyo shemeji yako Saburi amehamia shambani. Amejenga dungu juu ya miti mitatu, halali nyumbani tena. Nimeolewa na mwanamume anayelala na mbaazi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu anayo yeye huko. Na hata ningekuwa nayo, mtandao unashika ukipanda kilima cha shule, na magoti yangu unayajua.

Nakutania, lakini moyoni siko sawa, Nasma. Naogopa kitu kimoja tu, kwamba asubuhi moja watu watakuja uani wamenyamaza, nami nitajua wamemleta Saburi. Nikifikiria hivyo siwezi hata kusonga ugali. Kinachonipa nafuu ni ile kambi ya askari wanyamapori pale bondeni. Wakisikia madebe yanapigwa wanakuja na gari, wanapiga risasi juu, tembo wanarudi msituni. Bila wao sijui.

Nasikia kazi yako siku hizi ni kuhesabu tembo. Marietha jirani ananiuliza unawahesabuje, wanapanga foleni? Nimemjibu mdogo wangu ana elimu, ana njia zake. Sasa nieleze hizo njia, nisije nikaumbuka.

Dada yako,
Mwanawetu


Nachingwea
23 Juni 2024

Dada Mwanawetu,

Shikamoo. Mpe pole shemeji kwa ile kazi ya dungu, na mwambie nimecheka peke yangu ofisini niliposoma habari ya mbaazi mpaka mlinzi akachungulia.

Ni kweli, nipo kwenye mradi wa kuhesabu tembo, kuanzia misitu ya huku Nachingwea mpaka huko kwenu. Mimi siingii porini. Kiongozi wetu Fidelis ndiye anayetembea na vijana wake, akimaliza ananiletea kadi zake, nami nakokotoa kwenye kompyuta: tembo ni kadiri ya wangapi na wanatumia eneo gani. Jinsi anavyowahesabu huko ni mambo ya kitaalamu, marefu kuyaeleza kwenye barua. Mwambie Marietha hakuna foleni.

Lililo muhimu kwako ni hili. Hesabu yetu ikishatoka, wakubwa wataitumia kuamua kambi za askari zikae wapi. Penye tembo wengi askari watabaki, penye wachache wataondolewa wapelekwe kwingine, maana magari hayatoshi. Usishtuke. Tembo kama wapo huko kwenu, hesabu itawaona, na kambi yenu haitaguswa. Kwa hilo lala usingizi.

Kile kikohozi cha shemeji vipi? Sauti yake mara ya mwisho kwenye simu haikunipendeza.

Mdogo wako,
Nasma


Chunyu
20 Julai 2024

Mdogo wangu Nasma,

Marahaba. Leo nina furaha, na wewe unajua furaha yangu inavyokuja kwa nadra.

Tumepata dawa ya tembo. Bwana mmoja alitufundisha pale Mbekenyera siku ya mnada. Unatengeneza tofali, unalikausha juani, jioni unaliwasha kwenye debe bovu na linafuka mpaka asubuhi. Ndani mna pilipili kali na vitu vingine. Tembo akinusa moshi ule anageuka kama aliyekumbuka kitu nyumbani. Tumechoma mwezi mzima, na hakuna aliyevuka mpaka wa shamba.

Hivyo vitu vingine usiniulize. Wewe sasa ni mtu wa miradi, na vinakopatikana ni ndani ya mpaka wa hifadhi, ambako hatutakiwi kukanyaga. Hatukati mti wala hatutegi mnyama, tunaokota tu. Asubuhi nakwenda na akina Marietha, na wanawake wa vijiji vya jirani nao wameanza, maana habari njema haikai. Tunarudi na viroba kichwani, tunanuka, tunacheka njia nzima. Mimi wananiita mwalimu, kwa sababu matofali yangu hayapasuki.

Ubaya wake ni moshi wenyewe. Saburi anaunusa usiku kucha na kifua kimezidi. Anakohoa mpaka anashika ubavu. Nikimwambia ashuke kwenye dungu alale nyumbani, anasema akishuka yeye nani atageuza matofali. Nampenda, lakini ana kichwa kigumu.

Hesabu yenu imefika wapi? Watu wako wameonekana upande wetu wakivuta kamba.

Mwanawetu


Kambini, msitu wa juu ya Chunyu
17 Agosti 2024

Nasma,

Dereva atakupa bahasha ya kadi za mistari yote ya upande huu. Hakikisha hazilowi, hakuna nakala nyingine.

Nakuandikia haya mapema kwa sababu najua ni kwenu, na sitaki upigwe na butwaa ukishaanza kukokotoa. Upande wa Nachingwea kila mstari tuliopita tulikuta mafungu ya mavi ya tembo, mapya na ya zamani, mpaka vijana wakaanza kuyapa majina. Tulipovuka kuja Chunyu, hakuna. Tumetembea mstari baada ya mstari kwa dira na kamba, macho chini, na tunarudi na kadi nyeupe. Nyayo ziko chache kwenye mchanga wa kijito, lakini huku ardhi ni ngumu na nyayo hazitoshi kusema lolote. Ausi, kijana wa Malolo anayenishikia kamba, anasema labda mende wa mavi ndio wanayazoa. Tulicheka, lakini mimi sikucheka sana.

Ninavyoona, tembo wamehamia ng'ambo kwenye maji. Mwaka huu huku pamekauka mapema.

Sasa nakuomba kama kaka. Mavi machache maana yake ni tembo wachache, ndivyo tulivyofundishwa. Usije ukaongeza chochote kwa sababu dada yako anaishi pale. Ukiongeza huku, umewanyima askari watu wa kwingine ambao nao wana watoto. Kokotoa kile kilichoandikwa.

Fidelis


Nachingwea
22 Septemba 2024

Dada Mwanawetu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, nina habari mbili, na ya kwanza ni nzuri.

Hesabu imekamilika. Upande wa Chunyu tembo ni wachache mno, karibu hakuna. Wamehama, wamevuka kuja huku kwetu kwenye maji. Niliposoma matokeo sikuamini, nikarudia kazi yote tangu mwanzo, yakatoka yale yale. Nimefurahi mpaka nikalia, dada. Ile dawa yenu nadhani haikufukuza mtu, mlikuwa mnachoma pilipili bure na tembo wenyewe walishaondoka.

Habari ya pili utaniwia radhi. Kambi ya bondeni itahamishwa kabla ya mvua, itapelekwa huku kuliko na tembo wengi. Najua utaogopa. Lakini askari wanaondoka kwa sababu hatari imeondoka. Haiwezekani walinde mahali ambapo hakuna kitu.

Kwa hiyo mwambie shemeji ashuke kwenye dungu. Aache moshi huo kabla haujammaliza mapafu, alale kitandani kwake na apumzishe kifua. Akibisha mwambie ni Nasma amesema, na Nasma anajua.

Mdogo wako,
Nasma


Chunyu
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Nasma,

Marahaba. Kambi imeondoka juzi. Walipakia mahema na masufuria, wakatuachia mbwa wao mmoja mwenye upele. Wazee wengine walisonya. Mimi niliwaambia mdogo wangu ndiye aliyekokotoa, na mdogo wangu hawezi kutudanganya.

Saburi alibisha kidogo. Mabibo yameanza kuanguka, na wiki iliyopita aliona tawi la mkorosho limevunjwa juu, mahali pasipofikiwa na mbuzi. Nikamsomea barua yako mara mbili. Akasema basi labda ni dume mmoja amepotea njia. Wewe anakusikiliza kuliko mimi niliyemzalia.

Ameacha kuchoma, na dungu ameliacha, kuku ndio wamehamia. Kifua kimepungua, sauti imerudi, juzi alikula ugali akaomba wa pili. Nimempata mume wangu, Nasma. Jioni tunakaa barazani tunabangua korosho za kula wenyewe na ananisimulia uongo wake wa ujanani. Sikujua kama nilikuwa nimemkosa hivyo.

Ila lile tawi linanisumbua. Mimi si mtu wa shule, na pengine naogopa kwa mazoea tu. Matofali yangu yapo, sikuyatupa, naweza kuyawasha leo hii. Nijibu upesi na uniambie kama unavyomwambia mama: una uhakika?

Mwanawetu


Nachingwea
19 Oktoba 2024

Dada,

Nina uhakika. Tawi linaweza kuvunjwa na upepo. Usimrudishe shemeji kwenye moshi, tafadhali. Nina kazi nyingi wiki hii, nitaandika vizuri zaidi mwisho wa mwezi.

Nasma


Nachingwea
17 Novemba 2024

Kaka Fidelis,

Asante kwa rambirambi na kwa gari uliloniombea. Nimerudi jana kutoka Chunyu. Mengine sikuweza kuyasema kwenye simu.

Shemeji yangu Saburi alitoka asubuhi kwenda kuokota korosho kabla jua halijawa kali. Tembo walikuwa chini ya mikorosho wanakula mabibo. Hakuwa dume mmoja aliyepotea. Nimezikuta nyayo zao mwenyewe, kubwa na ndogo, zimekanyagana. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba kuelekea zahanati, maana gari la kambi halikuwepo, na alifia njiani. Dada yangu alitembea pembeni ya kitanda akimshika mkono, na hakujua mkono ulipoacha kuwa na mtu.

Sasa sikiliza. Siku ya pili ya matanga nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni. Nikakuta viroba vimepangwa ukutani mpaka kiunoni kwangu. Nikafungua kimoja. Ni mavi ya tembo, Fidelis, makavu, yamechambuliwa vizuri kama unga. Na juu ya banda yamepangwa matofali.

Nilimuuliza jirani yake, Marietha, polepole kama mtu asiye na haja. Akanieleza bila kificho. Wanayachanganya na pilipili iliyotwangwa, ndiyo ile dawa ya moshi. Tangu mwezi wa sita wamekuwa wakiingia msituni kila asubuhi, wanawake wa Chunyu na wa vijiji vya jirani, wanafuata njia za tembo na kuokota kila fungu. Wanayajua mapya na ya zamani. Hawaachi kitu. Kila ulipokata mstari wako, wao walishapita. Wewe ulitembea ukitazama chini, nami nikakokotoa kile ulichoandika, sote kwa uaminifu, na tembo walikuwepo siku zote.

Dada alinificha anachookota kwa kuogopa sheria ya hifadhi. Mimi nilimficha tunachohesabu kwa sababu ya aibu ya kijinga. Nilipenda kule nyumbani waniwaze nikiwa na mashine na picha za angani, sikutaka Marietha ajue kwamba naletewa habari za mavi. Kama mmoja wetu angesema neno moja, Saburi angekuwa barazani kwake jioni hii.

Nakuomba mambo mawili. Andika kwa wakubwa kwamba mistari ya upande ule haifai na hesabu ifutwe, kambi irudi. Na usilitaje jina la kijiji wala usiwataje wanawake. Dada yangu ndiye aliyewafundisha. Akijua kwamba mikono yake ndiyo iliyozoa ushahidi, hatavuka eda salama. Namjua.

Nasma


Kambini
21 Novemba 2024

Nasma,

Nimesoma barua yako. Mimi nilipita pale nikaona kadi zinarudi nyeupe, na sikumuuliza mwanamke hata mmoja kisimani. Hilo ni langu, na nitalibeba.

La kwanza nimeshaliandika. Wamenijibu kwamba hesabu itarudiwa kiangazi kijacho, na hadi hapo kambi itabaki ilipo. Safari hiyo nitapita kijiji kwa kijiji kuuliza kabla ya kufungua kamba.

La pili nitalifanya, lakini ujue gharama yake. Nisipowataja waokotaji, taarifa itasema tu kuwa ukokotoaji wa upande wa Chunyu ulikuwa na dosari. Mkokotoaji ni wewe. Watu watasoma jina lako, na sidhani kama mradi utakuongezea mkataba. Fikiri tena kisha uniambie.

Fidelis


Chunyu
1 Desemba 2024

Nasma,

Niko eda, sitoki, ndiyo maana nina muda wa kufikiri hata nisipotaka.

Ausi wa Malolo alikuja kunipa pole. Ni kijana mwema, akataka kunichangamsha, akaanza kunisimulia kazi aliyofanya na watu wako kiangazi. Akasema walikuwa wanavuta kamba msituni na kuhesabu mavi ya tembo. Akasema upande wetu walikosa kabisa, wakadhani ni mende. Akacheka. Alipoondoka niliingia ndani nikalala chini sakafuni.

Nimewauliza wenzangu kama ni kweli mnahesabu hivyo. Hakuna anayejua. Marietha anasema haiwezekani, watu wasome miaka yote ile wakahesabu mavi. Lakini ameacha kunitazama usoni. Wewe ndiye unayejua.

Niliokota kwa mikono yangu, Nasma. Niliwafundisha wengine. Nilikuwa natoka alfajiri nikijisifu kwamba nimemlinda mume wangu. Kama ni mavi yale ndiyo yaliyowafanya mseme tembo hakuna, basi niambie hivyo. Nitajua ni mimi niliyemuua Saburi na nitatafuta namna ya kuishi nalo, au nitakosa.

Na kama si hivyo, kama ni ninyi tu mlikosea huko kwenye mashine zenu, basi ulinidanganya. Nilikuuliza una uhakika, ukaniandikia kwa haraka kwamba unao, na ulikuwa na kazi nyingi. Kama ni hivyo usije kwenye arobaini. Wewe ni damu yangu, lakini sitaweza kukupa mkono mbele ya watoto wa Saburi, na sijui kama nitaweza baadaye.

Ni moja kati ya hayo mawili. Usinizungushe kwa maneno ya kitaalamu. Niambie.

Mwanawetu


Nachingwea
5 Desemba 2024

Dada Mwanawetu,

Shikamoo.

Si wewe. Alichosema Ausi ni kweli, tunahesabu mavi, nilikuficha kwa sababu niliona aibu. Lakini mistari yetu haikupita mlikokuwa mnaokota, ilipita mbali kabisa, juu ya mlima. Mlichookota hakikugusa hesabu hata kidogo. Ausi ni mshika kamba, hajui kadi ziliandikwa nini.

Nilikosea mimi kukokotoa. Taarifa imeshatoka kwa wakubwa na inasema hivyo, na jina langu limeandikwa pale. Ukitaka, mtu yeyote anayesoma anaweza kukuonyesha. Uliponiuliza kama nina uhakika nilipaswa kurudia kazi, na sikurudia.

Ile dawa yenu ndiyo iliyomlinda shemeji miezi yote ile. Asubuhi ulizokuwa unatoka hazikupotea bure. Waambie akina Marietha waendelee kuokota na kuchoma, kambi haitarudi kabla ya kiangazi, na mikorosho bado ina mabibo.

Arobaini sitakuja. Jumanne ataleta mchele na mafuta ya kisomo. Usivirudishe, na watoto wakiuliza waambie vimetoka kwa watu wa Nachingwea.

Nasma